Nyungu ya Kusingizia

Dawa yangu ilikuwa bangi. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili nisianze kuzungukazunguka, maana nilizunguka vya kutosha mwaka ule, mwaka wa pili wa corona, nikiwa peke yangu kwenye fleti ya ghorofa ya pili huku ughaibuni, mtaa wa St Marys. Ilikuwa bangi ya daktari, imekuja ndani ya kichupa chenye jina langu na tarehe ya kuisha. Lakini bangi ni bangi, na mimi ni mwimbaji wa sauti ya pili kanisani.

Mgongo niliuharibia kazini. Nilikuwa nalea wazee kwenye nyumba ya wazee, na asubuhi moja bwana mmoja mzito aliteleza bafuni. Tulifundishwa kumwacha mtu ashuke taratibu mpaka sakafuni. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamdaka. Yeye hakupata hata mchubuko. Mimi nilisikia kitu kimekatika kiunoni, na tangu siku ile mguu wa kushoto ukawa unawaka kuanzia nyonga hadi kidole gumba. Nilimeza vidonge vya kila rangi. Vingine vilinilaza kama gogo, vingine vilinifunga choo wiki nzima, na maumivu yakabaki palepale.

Daktari aliyeniandikia bangi sikuwahi kukutana naye ana kwa ana. Tulionana kwenye simu, kwa sababu siku zile kila kitu kilikuwa kwenye simu: ibada, arusi, misiba, daktari. Alikuwa kijana mdogo, na nyuma yake kitanda hakijatandikwa. Aliniuliza kama nimewahi kuvuta. Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi ni mtu wa kanisa. Akacheka kidogo, akasema vizuri, basi huna mazoea mabaya ya kuacha, maana mimi sikuandikii kuvuta moshi. Moshi unaharibu mapafu, na huu si wakati wa kuchezea mapafu. Akanieleza kuhusu kifaa kinachoyapasha maua joto bila kuyachoma, unavuta mvuke tu, na harufu yake haikai ndani ya nyumba.

Hilo la harufu ndilo lililonifanya nikubali. Nilikuwa na mtu mmoja ambaye hakutakiwa kuisikia.

Mtu huyo alikuwa Mkongomani wa Kivu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na miwili, naye pia mlezi wa wazee, ila kwenye nyumba nyingine. Tulijuana kanisani. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na Kiswahili changu cha darasani kilimchekesha sana. Nilimwita dada, yeye akaniita mdogo yangu. Sina mume, sina mtoto, na ndugu zangu waliobaki wako mbali kuliko simu inavyotudanganya. Serikali ilipoifungia mitaa yetu ya magharibi, ilimruhusu mtu anayeishi peke yake aandikishe mgeni mmoja, mmoja tu, wa kuingia nyumbani mwake. Nilimwandika dada hata bila kuuliza. Jumatano na Jumamosi, akitoka shifti ya asubuhi, alivuka reli akaja kwangu, tukala, akanisimulia mambo ya kazini. Zaidi ya yote alinisimulia habari za bibi mmoja aliyevuka miaka tisini, mzaliwa wa Ulaya huko, ambaye Kiingereza kilimtoka kichwani kwa uzee. Bibi huyo hakukubali kulishwa na mtu yeyote isipokuwa dada. Dada alimwimbia wimbo wa Kiswahili, bibi akafungua kinywa. Hakuna aliyejua ni kwa nini.

Sasa, kuhusu bangi. Siku moja, kabla mgongo wangu haujaharibika, tulipita nyuma ya stesheni tukakuta vijana wawili wamekaa wanavuta. Dada alinikamata mkono akanivuta mpaka upande wa pili wa barabara, na kucha zake zikaniachia alama. Tulipokaa aliniambia, mara moja tu, kwamba wanaume waliovamia nyumba yake kule walinuka hivyo. Alikuwa amejificha chini ya kitanda, na harufu ilimfikia kabla ya sauti zao. Sikumuuliza zaidi.

Kwa hiyo kifaa kilipoletwa, niliapa kwamba hatajua kamwe.

Kilikuwa kama rimoti nene ya televisheni. Mfamasia alinielekeza kwa simu kwa uvumilivu mkubwa. Unasagasaga ua kwenye kikopo chenye meno, unajaza kijishimo, unafunika, unabonyeza, unasubiri dakika moja mpaka kitetemeke, halafu unavuta polepole kama mtu anayeonja chai ya moto. Ukimaliza hukuti majivu. Maua yamekuwa ya kahawia tu, makavu. Harufu ipo, inafanana na bisi zilizoanza kuungua, lakini ukifungua dirisha inaondoka upesi. Alinisisitiza nikae kwenye joto la chini, nisipandishe kwa pupa.

Maumivu yangu yalikuwa yanazidi kwenye saa kumi jioni. Kwa hiyo siku ambazo dada haji, saa kumi niliingia bafuni, nikaweka taulo chini ya mlango, nikafungua dirisha, nikawasha feni, nikakaa juu ya choo kilichofunikwa, mwanamke mzima wa miaka hamsini. Siku za dada nilisubiri mpaka aondoke. Baada ya kuvuta, mguu ulitulia. Sisemi ulipona. Ulitulia kiasi cha kuniwezesha kusimama jikoni nikapika ugali mpaka ukaiva. Gari langu lilikaa chini ya jengo likafa betri, kwa kuwa sheria hairuhusu kuendesha ukiwa na dawa hiyo mwilini, na mimi sheria naziogopa. Siku ambazo dada haji niliongea na birika. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa na hasira kwa kuwa mpweke, nikawa nawanunia hata watangazaji wa habari.

Ikafika Jumatano moja ya mvua. Baridi iliingia mpaka ndani ya mfupa, mguu ukaanza kuwaka tangu saa sita. Nikajiambia dada hafiki kabla ya saa tisa, nitavuta upesi. Nikapandisha joto mpaka mwisho, nikavuta kama mwizi. Kifua kikakataa. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na katikati ya kukohoa kule nikasikia mlango unagongwa.

"Mdogo yangu! Uko?"

Kazini walikuwa wamemruhusu mapema. Nilifungua nikiwa na taulo shingoni, macho mekundu, jasho usoni.

Dada aliniangalia. "Weye unakohoa?"

"Kidogo tu. Nilikuwa najifukiza. Nimepiga nyungu."

Nyungu ilikuwa kila mahali wakati ule. Jamaa zetu Tanzania walikuwa wanajifunika blanketi juu ya sufuria ya majani yanayochemka, na kina mama wa kanisani kwetu walichuma majani ya mikaratusi kwenye bustani za watu wakatumiana video. Nikajiona nina akili sana. Nyungu ilieleza jasho, macho, kikohozi, hata ile harufu iliyobaki. Sikufikiria jambo ambalo mtoto wa shule angelifikiria: mtu hapigi nyungu kwa starehe. Anapiga akiwa na corona, au akihofia kwamba anayo.

Dada alirudi nyuma hatua mbili. Aliweka sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, chini, pale koridoni.

"Tangu siku gani?"

"Jana," nikasema. Uongo ukishaanza unataka tarehe.

"Ulipima?"

"Nitapima kesho."

"Jumamosi nilikula hapa," alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe. "Kwa sahani yako." Akashuka ngazi.

Sikwenda kupima. Foleni ilikuwa ya saa nyingi, mguu ulikuwa unawaka, na isitoshe nilijua sina kitu. Nilipiga hesabu kwamba atakaa mbali wiki moja, halafu nitamwambia nimepona. Ijumaa aliniletea samaki, akagonga mlango akaondoka kabla sijafika. Aliandika: umepima? Nikajibu: majibu bado. Nilikula chakula chake nimesimama, na kusema kweli hakikushuka vizuri.

Jumapili tulikuwa na ibada kwenye simu, visanduku vingi vya nyuso, wote tumezimwa sauti. Mama kiongozi wa maombi akaanza. Aliniombea mimi, dada yetu aliyepatwa. Nikainamisha kichwa kwa unafiki. Kisha akamwombea dada, ambaye kwa uaminifu wake alimweleza menija wake kwamba amekula na mgonjwa, na sasa amezuiwa kuingia kazini mpaka majibu ya mgonjwa yatoke. Halafu akamwombea bibi mmoja anayelelewa na dada, ambaye tangu Alhamisi amefunga kinywa na hataki kula kwa mkono wa mtu mwingine.

Dada hakuwa ameniambia. Alikuwa ameogopa kunitia wasiwasi katika ugonjwa wangu.

Kilichotakiwa ni kubonyeza kitufe kimoja tu na kusema. Sikubonyeza. Nilijipa sababu kwamba si jambo la kusemwa mbele ya watu wote. Ibada ikaisha, nikashika simu nimpigie, nikaiweka. Nikaishika tena. Niliona wazi kabisa kwamba nikisema, nampoteza mtu pekee anayeingia mlangoni mwangu, na nisiposema, yule bibi anaendelea kushinda njaa. Mtu mwema angekata shauri kwa dakika moja. Mimi nilifika Jumatatu saa nane mchana.

"Dada, sina corona," nikasema. "Ile haikuwa nyungu. Ilikuwa bangi. Ya daktari, ya mgongo. Haina moshi, dada, ni mvuke tu."

 Nje ya dirisha lake treni ilipita yote, behewa baada ya behewa.

"Sawa," akasema, akakata.

Menija wake hakutaka maneno, alitaka majibu yaliyoandikwa. Jumanne nilichukua teksi nikaenda kupima, nikabeba kiti cha kukunja, nikakaa kwenye foleni ya watu wanaosogea mita moja kwa kila robo saa. Majibu yalikuja Jumatano jioni: hamna corona. Nilimtumia dada hapohapo. Hakujibu, na wala Alhamisi na Ijumaa hakujibu.

Jumamosi alikuja, saa yake ileile. Hakuketi.

"Nionyeshe ile kitu."

Nikakileta kutoka bafuni. Alikiangalia bila kukigusa.

"Funga dirisha. Washa."

"Dada, hapana. Sitaki."

"Mi ndiye nataka. Washa."

Nikafunga dirisha. Nilipojaza kijishimo nikamwaga nusu ya dawa mezani. Yeye alisimama ameegemea ukuta, vidole amevifungamanisha, midomo inacheza kwa maombi. Kifaa kikatetemeka, nikavuta kidogo, nikatoa. Dada alishusha barakoa yake, akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu, amefumba macho, na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Inafanana," alisema. "Haiko moja, lakini inafanana." Akafumbua macho. "Lakini niko hapa. Sikufa. Mguu inatulia na hii?"

"Unatulia."

"Basi vuta. Iko dawa yako."

Nilianza kulia, nadhani kwa nafuu. Nilidhani yameshapita. Akaningoja ninyamaze.

"Yule mama wa kazini alikufa," akasema. "Alhamisi asubuhi, mi sijafika. Alikuwa muzee, angekufa tu, siko nasema weye ulimuua. Lakini siku saba hakukula kwa mkono ya mutu. Banasema alikuwa anaangalia mulango."

"Nilikuficha jambo hili kwa ajili yako," nikasema. "Kwa sababu ya wale watu. Niliogopa harufu ikurudishe kule."

Sikuwahi kumwona dada amekasirika kabla ya siku ile. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Bale batu balininyang'anya nyumba. Balininyang'anya bwana yangu. Na weye ukabapatia na pua yangu. Ungeniuliza tu, mdogo yangu. Ningekuambia kama naweza ao siwezi."

Alipandisha barakoa yake, akachukua sufuria zake mbili zilizokuwa kwangu, akashuka. Nilifungua dirisha, harufu ikaondoka upesi kama mfamasia alivyosema.

Kesho yake, kabla ya ibada, aliniandikia ujumbe wa adabu sana. Aliniombea mguu upone. Alisema hana kinyongo, ila amechoka, na akaniomba nitoe jina lake kwenye ile orodha ya serikali, niandike mtu mwingine. Nilifungua ule ukurasa, nikafuta jina lake, na palipobaki wazi nikapaangalia kwa muda mrefu, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumwandika.