Nani Ameitoa?

"Nani ameitoa?" Bibi aliniuliza hivyo mbele ya wanawake wote.

Tulikuwa kwenye kituo cha mapokezi ya wakimbizi, upande wa Mbuba, karibu na mpaka. Wageni waliotoka Burundi walikaa chini ya turubai wakisubiri kupangiwa kambi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, najitolea na timu ya afya, na kazi yangu asubuhi ile ilikuwa kuwaambia kwamba wana haki ya kutibiwa hata kabla makaratasi yao hayajakamilika. Timu ilitaka kutafuta mkalimani. Nikasema wa nini? Nimezaliwa Mugoma hapa jirani, Kihangaza ndiyo lugha ya kwetu, nimekinyonya, na anayejua Kihangaza hashindwi Kirundi. Neno la haki nililijua: *uburenganzira*. Nikalitamka kwa sauti ya kutosha turubai zima.

Bibi alikaa mbele kabisa, kitenge kimefungwa kifuani. Pembeni yake alikuwa msichana mjamzito, miguu imevimba hata kandambili zinambana, kiganja kwenye paji la uso. "Mke wa mwanangu," bibi alikuwa ametuambia walipofika. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, naye akanirudishia shikamoo vilevile, kwa heshima kubwa.

Swali lake lilinifanya nimpende papo hapo. Chuoni nilibishana muhula mzima juu ya jambo hilohilo: haki inatoka wapi? Kwa Mungu, kwa serikali, au tunajigawia wenyewe? Mwalimu alichoka nami. Sasa huyu hapa, amevuka mpaka juzi tu, naye anaanzia pale nilipokwama.

"Hakuna anayeitoa, bibi," nikasema. "Mtu anazaliwa nayo."

"Anazaliwa ameishika mkononi?" mwanamke mmoja akadakia, wengine wakacheka.

Bibi hakucheka. "Kama hakuna aliyeitoa, basi haipo," akasema, akamvuta chini msichana aliyekuwa ameanza kuinuka. "Tukae."

Muuguzi alikuwa akitusikiliza kutoka mlangoni mwa hema la zahanati. Ni mtu wa Biharamulo, wazazi wake walitoka Burundi zamani. Akaja amejishika mbavu kwa kicheko.

"Dada, umewaambia wana ruhusa. Neno hilo kwao ni haki, na ni ruhusa pia. Bibi anauliza ni bosi gani ameruhusu!"

Masikio yaliniwaka. Falsafa yangu yote ilikuwa swali la getini.

Muuguzi alichuchumaa, akabonyeza mguu wa msichana kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Kicheko kikamtoka usoni. "Kichwa kinauma tangu lini?"

"Tangu jana. Na macho yanaona ukungu."

"Huyu apimwe presha sasa hivi. Asipotibiwa leo tunaweza kumpoteza, yeye na mtoto."

Bibi aliung'ang'ania mkono wa msichana. "Bila ruhusa haendi. Watatufukuza wote wawili, tutakwenda wapi? Nani ameitoa?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe?" Akanipima kutoka viatu hadi nywele. "Una mume?"

"Sina."

"Mtoto?"

"Sina."

"Shamba?"

"La baba."

"Na ndiye wewe unayetoa ruhusa!" Turubai zima likaangua kicheko, hata msichana mwenyewe akatabasamu. Bibi akainuka, akanikamata kiganja. "Basi uje nayo. Wakiuliza, uwepo."

Presha ilikuwa juu mno. Gari la wagonjwa likaitwa, na dereva akauliza nani ndugu wa mgonjwa. Bibi alisita, akanitazama kwanza, ndipo akasema, "Mimi. Mama mkwe wake." Njia nzima kichwa cha msichana kilikuwa mapajani mwake, na kila gari liliporuka kwenye shimo aliniuliza, "Ruhusa bado unayo?" Nilimjibu ninayo. Sijawahi kuulizwa jambo mara nyingi hivyo bila kuchoka.

Walimfanyia upasuaji, akatoka mtoto wa kike mwenye sauti kali kuliko ya bibi yake. Mama naye akapona. Bibi alinipa kichanga nikishike, kisha akaniambia nimekishika kama mtu aliyebeba kitabu, akaninyang'anya.

Baadaye walihamishiwa kambini, Kigoma. Simu zilikuja mara moja moja, kisha zikakatika. Mwaka jana msichana alinipigia kwa namba mpya, mtoto anaimba nyuma yake. Nikamuuliza mama mkwe wake hajambo.

"Bibi hajambo, yuko hapa ananigombeza. Lakini si mkwe wangu." Mama wa mume wake alifariki kabla yeye hajaolewa. Huyu bibi walikutana kwenye mto Ruvubu, siku ya kuvuka. Alimwona yuko peke yake na tumbo lile, akamshika mkono.