Kiti cha Meza ya Mwisho

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha makadamia kule Thika, kitu cha kwanza nilichotafuta kwa macho kilikuwa kiti. Nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka Kiandutu, nilikopanga chumba na wasichana wawili wa kwetu Bungoma, na nilidhani kuchambua njugu ni kazi ya kukaa, kama tulivyochambua maharagwe nyumbani. Badala yake nikakuta wanawake wamesimama pande mbili za mkanda wa mpira unaotembea, vitambaa vyeupe kichwani, hakuna anayeinua uso. Viti vilikuwepo, lakini vyote vilikuwa kule mwisho, kwenye meza moja.

Msimamizi wetu, mama wa Gatundu mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde, aliona ninakotazama.

"Wewe msichana wa Bungoma, unaangaria viti? Hizo ziko na wenyewe. Simama kwanza. Yako itakuja."

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana siku hizi mnakuta makadamia kwenye pakiti tu. Ganda lake ni gumu kama jiwe. Hupasuliwa na mashine tuliyoiita kraka, kisha viini vinateremka kwenye mkanda, na mikono yetu inavitenga: vizima huku, nusu kule, vilivyotobolewa na mdudu na vile vichanga kwenye ndoo. Meza ya mwisho ilipitia kila kilichotoka kwetu kabla hakijafungwa. Ilitaka macho mazoefu kuliko miguu, kwa hivyo waliokaa pale ni wajawazito, walioumizwa na kraka, na wale ambao magoti yao yalikuwa yamekataa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ulisimama ili mwenzako aketi, na siku yako ikifika, mwingine angesimama ili wewe uketi. Sisi watu wa kibarua, hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni yetu.

Tulikuwa na desturi nyingine. Mashine mpya haikuwashwa kabla ya kuombewa, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kwaya, sala ikawa yangu. Maneno hayakubadilika: "Bwana, mashine hii isimkate mtu wetu kidole." Tulikuwa tumeona vidole vikikatika. Hatukuwa tunacheza.

Aliyesimama kando yangu tangu wiki ile ya kwanza ni Truphosa, mtu wa Vihiga, mrefu, mwepesi wa kucheka. Alipenda kusema kwamba kwa jinsi mkanda ule ulivyotembea, tungekuwa tumeshafika Vihiga na kurudi. Kampuni ilipofungua kiwanda kikubwa zaidi Ruiru, nikapelekwa huko kuwa msimamizi wa uchambuzi, naye akanifuata. Nilihama na ile meza ya mwisho, yaani desturi yake. Meneja wa kwanza wa Ruiru, mzee mpole aliyependa kuzunguka na kikombe chake cha chai, aliniambia, "Mama Nasimiyu, meza yako sitaiguza, bora tu mzigo utoke safi." Na mzigo ulitoka safi.

Zamu ya Truphosa ilifika, akaitoa kwa msichana mjamzito. Ikafika tena, akaitoa kwa mwenzetu aliyeungua kwenye mashine ya kukausha. "Wacha akae," alisema. "Mimi bado niko na miguu." Miaka ikapita, miguu nayo ikaanza kuvimba hata viatu vikamkataa. Nikamwambia basi, mwezi ujao unaketi, na safari hii hutoi kwa mtu. Alifurahi kama mtoto. Akashona mto wa kitenge, akaujaza sufi, akauleta kazini kutuonyesha.

Ndipo mashine ya kamera ikaja. Ilikuwa na akili mnemba, ile akili ya kompyuta inayojifunza kwa mifano badala ya kungoja amri. Alikuja nayo fundi kijana, na sina ugomvi naye, alikuwa na adabu.

"Sasa mathe," aliniambia. "Hii kitu inajifunza. Nyinyi nionyesheni tu gani poa na gani mbaya, the rest itajishikia yenyewe."

Na mnajua ni wapi alipoomba watu wa kuifundisha? Meza ya mwisho. Wanawake wale walitazama picha za viini kwenye skrini, wakibonyeza kizuri, kibaya, kizuri, kibaya, hadi mashine ikaona kama wao. Meneja mpya akaniita niiombee kabla ya kuwashwa. Nikaomba maneno yale yale ya Thika, isimkate mtu wetu kidole. Truphosa ndiye aliyeitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sala ilijibiwa. Mashine ile haikumkata mtu kidole. Wala sitawadanganya eti ilishindwa na kazi. Kamera inakiona kiini kibaya, upepo unakipuliza pembeni, na mzigo unatoka safi. Iliweza, na kwa sababu iliweza, Jumatatu moja nilifika nikakuta meza ya mwisho imeondolewa na viti vimetupwa stoo. Truphosa alikuwa amesimama pale patupu, mto wa kitenge mkononi.

Niliingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi.

"Meza imeenda wapi?"

"Mama, be realistic. Mashine inafanya hiyo kazi yote. Na haichoki."

"Kama haichoki, basi haihitaji kiti. Truphosa anachoka. Mpe kiti."

"Akae afanye nini?"

"Kile mashine yako inafanya. Aangalie."

Akacheka. "Hii ni biashara, mama, si hospitali. Lakini sifukuzi mtu. Nafasi iko kwa kubeba magunia."

Kwa magunia! Mwanamke wa miguu iliyovimba! Alijaribu kwa siku chache, kisha akaondoka na mto wake kwapani, na getini hakuna aliyemwambia asante.

Mpaka leo nikisikia redioni wataalamu wakisema akili mnemba inawapunguzia watu kazi ngumu, damu inanichemka. Uongo mtupu! Kwetu ilichukua kazi nyepesi, ikaacha magunia. Magunia bado yanabebwa na mgongo wa mtu. Aliyechagua kipi kichukuliwe na kipi kiachwe si mashine, ni mtu mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka.

Siku yangu ya kustaafu walinikatia keki, wakanifunika blanketi begani. Siku hiyo hiyo ililetwa roboti ya kufunga katoni, mkono mmoja mrefu wa chuma. Meneja akasimama, akitabasamu.

"Mama Nasimiyu, kabla utuache, tuombee na hii."

Nikafumba macho. "Bwana, mara ile nilikuomba mashine isikate kidole, nawe ukasikia. Leo naongeza. Mkono huu usifunge hata katoni moja mpaka wenye kiwanda waseme waliosimama wataketi wapi."

Wanawake wakaitikia Amina hadi mabati yakalia. Nilipofumbua macho nikakuta meneja hakuwa amefumba yake. Roboti iliwashwa dakika ile ile, hata keki haijaisha.

Sasa ninakaa Kiganjo, nyumba ya kupanga, nina kuku wangu na kwaya yangu. Nyinyi mnaosomea mashine hizi, sijawaambia mziache. Ninachouliza ni kile nilichokiomba mbele ya meneja, waliosimama wataketi wapi, na bado sijajibiwa.

Truphosa anauza sukuma wiki kando ya barabara huko Witeithie. Anauza akiwa amesimama, maana askari wa kaunti wakitokea kuwafukuza wachuuzi, aliyeketi ndiye hupoteza mboga. Juzi nilimtembelea. Akageuza kreti, akatandika juu yake ule mto wa kitenge, bado mpya, na kunikaribisha nikae.

"Kaa, dada. Wewe ni mgeni."

Nikamwambia sikai. Tukasimama wote wawili, mto katikati yetu, hadi mboga zikaisha.