Chungu Nilichokiacha Mlangoni

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na nikiiandika mkono unanienda mbio kwa furaha, ingawa habari yenyewe yaanzia msibani. Nilisoma miaka michache tu, basi nikikosea nisamehe.

Nilikuwa mke mpya huku Kiuyu. Jirani yetu Bi Mize alifiwa na mwanawe Hamadi, kijana wa rika langu. Hamadi alijiua. Neno hilo watu hawakulitamka. Shehe alimsalia, akazikwa, lakini wanawake waliokaa na mama yake walikuwa wachache, na siku ya tatu matanga yalipoondolewa, walitawanyika upesi mno. Sisemi walikuwa wabaya. Wengi waliogopa kusema kosa, na mimi nilikuwa mwoga kuliko wao.

Zikapita siku saba, au tisa, sina hakika. Nikapika muhogo wa nazi, nikakiweka chungu mlangoni kwa Bi Mize, nikapiga hodi, nikakimbia kabla hajaitika.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alikuwa akinitazama kutoka uani.

"Watoka wapi?"

"Kumhani Bi Mize, kumpa pole ya msiba."

"Umemwona?"

"Sikumwona."

"Basi umeuhani mlango. Na mlango haukufiwa."

Nikasema, "Nitamwambia nini mie, mama? Nikimtaja Hamadi nitamtonesha."

"Kwani wadhani kamsahau? Twende."

Chungu bado kilikuwa nje, mavyaa akakibeba ndani. Bi Mize alikuwa amekaa mkekani, midomo imemkauka. Alipoulizwa amekula lini, alisema hajui. Kisha akasema taratibu, "Watu waniuliza kwa nini. Hakuna aniulizaye alikuwaje."

Mwanangu, sijui ujasiri niliupata wapi.

"Mwanao alikuwa mwizi, Bi Mize."

Mavyaa akanikata jicho. Nikaeleza haraka haraka: msimu wa karafuu, tukikaa wote kuchambua, Hamadi alikuwa akiyatupa makonyo yake, vile vijiti vinavyotolewa kwenye karafuu, katika fungu langu nililokwisha kulichambua. Kisha hujitapa kamaliza kwanza, sifa kaziiba yeye, na mimi nikigombezwa kwa uvivu.

Bi Mize akacheka. Alicheka, kisha akalia sana, kisha akafuta uso akasema, "Hata mie akinifanyia hivyo hivyo, mshenzi yule." Akala vipande viwili vya muhogo. Wakati wa kurudi sikutembea, niliruka, mpaka mavyaa akaniambia nijikaze, mimi ni mke wa mtu.

Sikumponya, nisijipe sifa. Siku nyingine aliniambia niondoke, nikaondoka, kesho yake nikarudi. Pengine nilimchosha. Lakini alianza kunisimulia mambo ya Hamadi mwenyewe, kidogo kidogo, na kila akicheka moyo wangu ulikuwa ukidunda kama siku ile. Kwa nini Hamadi alifanya vile sijui mpaka leo, wala hukumu si yangu, ni ya Mungu.

Basi mwanangu, nyumba ikifiwa namna hii, ingia. Usiulize alifanyaje, wala usitafute wa kulaumiwa, maana mfiwa ameshajilaumu vya kutosha. Mtaje marehemu kwa jina lake, na kama ulimjua, simulia alivyoishi. Ukikosa la kusema, kaa tu, au osha vyombo. Akitaka kuwa peke yake, mpe nafasi, lakini rudi. Rudi hasa baada ya matanga, watu wakishaondoka. Na akikwambia naye hataki tena kuishi, hapo usimwache peke yake hata kidogo: waite watu wake, mpelekeni hospitali, na usione umemtolea siri.

Mungu akupe kifua cha kubeba huzuni ya mwenzio, awape subira waliofiwa, amrehemu Hamadi na mama yake, na nawe akuweke, ukue, uwafae watu. Amin.