Nilibargain bei ya mapazia na client wangu, nikajikuta mbele ya bodi

Wakuu, hamjambo. Na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila ku-comment, nawaona pia.

Hesabu kwanza, hadithi baadaye. Hii kitu imenigharimu client mmoja, miezi sita ya kuangaliwa file kama mwanafunzi wa attachment, ada ya wakili ambayo nikiikumbuka chai inakataa kushuka, na elfu nne za pazia.

Nimehesabu mara mbili. Ile ya client ndiyo kubwa.

Nitakayosema ni ukweli, isipokuwa majina na vitu vichache nimebadilisha. Mhusika mwenyewe ameisoma kabla yenu, kupitia counsellor wake mpya. Alikubali kwa maandishi, akataka nitoe aya mbili. Nimezitoa, na msiniulize zilisema nini. Tumwite Nduta. Mapazia alisema niyaache vile yalivyo.

Haya.

Mimi ni counselling psychologist. Nina chumba kimoja Ruiru, juu ya agrovet, kwa hivyo watu wangu hupanda ngazi wakinusa dawa ya ng'ombe wakienda kutibiwa roho. Mimi si daktari. Lakini hapa mtaani ukiwa na viti viwili na box ya tissue, wewe ni Daktari, na nimechoka kukataa.

Shida ya hicho chumba ni dirisha. Limeangaliana na kinyozi wa ghorofani, ng'ambo ya barabara. Wateja wake wakingoja zamu hukaa kwenye benchi, macho yao moja kwa moja kwangu. Wakati huo nilikuwa nimeweka kitambaa chepesi cha bei ya kutupa, ambacho kilikuwa kinazuia mbu tu.

Nduta alikuwa anakuja kila Jumanne. Anauza mapazia Thika. Alikuja kwa sababu alikuwa halali, na sababu ya kutolala ilikuwa kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote duniani. Hiyo ndiyo moja ya zile aya.

Session ya nne, katikati ya kulia, akainua kichwa akaangalia dirishani.

"Daktari," akasema, "yule kinyozi sasa ananijua kuliko bwana yangu."

Tulicheka wote wawili. Nikamgeuzia kiti kikaangalia ukuta. Nikaandika kwa notes: *client anahitaji faragha zaidi, nitafute pazia zito.* Hadi hapo mimi ni professional, wakuu. Andikeni hiyo mahali, kwa sababu hamtaiona tena kwa muda.

Session ya sita ilipoisha, tukiwa mlangoni, ubongo wangu wa soko ukaamka. Natafuta pazia. Huyu anauza pazia. Nikamwambia nitapita kwake Jumamosi.

"Karibu," akasema.

Wanaofanya hii kazi wameshaanza kushika kichwa. Ngojeni, bado.

Jumamosi nikaenda Thika. Nduta akanitolea pazia zito rangi ya kahawa, nzuri kabisa, na ile nyepesi ya ndani. Akasema elfu tisa, pamoja na kushona.

Mimi nimelelewa na mama ambaye alikuwa akiuliza bei ya mwisho hata akinunua stamp. Nikasema tano.

Hapa nawaomba mtulie kidogo. Nduta alikuwa ameniambia mwenyewe vile alifukuza mteja aliyemtajia elfu sita. Alimuuliza kama anataka pazia ama anataka kumzika. Nduta ni mtu wa bei. Nilitarajia nusu saa ya "Haiya, unataka nifunge duka?", nitoke nusu ya mlango, niitwe nirudi, tukutane kwa elfu saba na nusu, kila mtu aende amefurahi.

Alinyamaza. Akaangalia kile kitambaa mkononi, akakikunja.

"Sawa, Daktari."

Halafu akaongeza ringi za bure.

Na mimi, mtu ambaye analipwa kusikiliza kimya cha watu, nilisikia kimya hicho nikadhani nimeshinda.

Nyumbani Witeithie nilimwonyesha bibi yangu. Mama Shiko akashika pazia, akauliza bei, akashtuka. "Baba Shiko, huyo mtu ulimfanyia nini?" Nilicheka. Swali lilikuwa zuri sana.

Jumanne Nduta hakuja. Jumanne iliyofuata akatuma message kwamba ana mzigo mpya wa kupanga. Ya tatu, kimya. Pazia lilikuwa linaning'inia pale, kinyozi haonekani, chumba kimetulia kama kanisa katikati ya wiki.

Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa bodi inayotupa leseni. Kuna malalamiko. Nina siku kumi na nne kujibu, na nilete notes.

Nduta alikuwa ameandika nusu ukurasa tu. Kwamba nilienda dukani kwake na nikapata mali kwa bei ambayo hangempa mtu mwingine. Kwamba tangu siku hiyo ameshindwa kurudi. Mwisho aliandika: *Nilikuwa nimeanza kulala. Silali tena.*

Leseni inaweza kwenda, hiyo nilielewa mara moja. Hiyo sentensi ya mwisho ilinichukua muda, kwa sababu nilikuwa busy kutafuta njia ya kutoka.

Njia ya kwanza ilikuwa ya Mama Shiko. "Si umtumie elfu nne yake kwa simu yaishe? Na unga kidogo." Kwetu hiyo ndiyo adabu. Nilikuwa nimeshaandika namba yake, nimebakisha kubonyeza.

Njia ya pili ilikuwa insurance. Nikachomoa ile cover ya kazi nikaisoma kwa mara ya kwanza. Wakuu, cheka pole pole. Wakati wa kuichukua nilimwambia agent bei iko juu. Akapunguza vizuri tu, hata nikamsifu. Alichotoa ni sehemu ya kulipia wakili. Nilikuwa nimebargain hadi nikanunua mwavuli bila kitambaa.

Njia ya tatu naiona aibu kuiandika, lakini niliahidi ukweli.

Nilifungua file. Notes za session ya sita zilikuwa na mistari miwili tupu chini. Nikachukua biro nikajaza: *Client amejitolea mwenyewe kuniuzia pazia, tumejadili mipaka.*

Hatukuwa tumejadili kitu.

Kesho yake nikabeba file hadi Thika kwa supervisor wangu, Madam Nyokabi. Ni mama amestaafu, ana miwani ya kamba, na ananiita kijana. Nina miaka arobaini na nne. Nilipaswa kumwona kila mwezi. Nilikuwa sijamwona miezi mitano kwa sababu, nanukuu mimi mwenyewe, kazi ilikuwa inaenda vizuri.

Alisoma polepole. Akafika session ya sita. Akainua ukurasa kwenye mwanga.

"Kijana. Mwaka mzima unaandika na biro nyeusi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hii line moja ni ya bluu."

"Biro iliisha, Madam."

"Na ikarudi session ya saba, ile ya kuandika hajakuja?"

Nilitamani agrovet ingekuwa chini yangu nidondoke kwa dawa ya kupe.

Alivua miwani. Hakupiga kelele. "Kubargain na client ni kosa. Utaadhibiwa, utafunzwa, utaendelea. Hii ya biro ndiyo itakumaliza. Mtu akigeuza notes, hakuna kitu kingine kwenye hiyo file kitaaminika, hata kile cha ukweli."

Nikamuuliza kama nirarue ukurasa. Mjue nilikuwa nimefika wapi.

"Usirarue, usifute, usipake ile rangi nyeupe ya kufutia. Andika pembeni, na tarehe ya leo: mstari huu niliuongeza baada ya malalamiko, na si kweli. Weka sahihi. Na huyo mama usimpigie, usimtumie hata shilingi. Ukimtumia leo itaitwa hongo, na itakuwa."

Niliandika mbele yake. Nikafuta namba ya Nduta kwa ile page ya kutuma pesa.

Siku ya kusikizwa mbele ya kamati ya bodi nilienda na wakili wa mfuko wangu mwenyewe. Nikasema yote, pamoja na biro. Mwanakamati mmoja alisoma ule ukurasa mara mbili, akaniangalia, akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Kisha Nduta akaulizwa kama ana la kusema. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

"Ungekuwa mtu mwingine ningekufukuza, Daktari. Elfu tano! Ningekufukuza na mita ya kupimia." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Lakini wewe ulikuwa unajua kile nilikuambia. Mtu anajua kitu kama hicho, anasimama dukani kwako anataka punguzo. Ningekataaje?"

Wakuu, nimeenda shule miaka mingi. Hiyo dakika ilinifunza kuliko zote.

Sikuwa namtisha. Hata wazo halikunipitia. Lakini bargain ni ya watu wawili ambao kila mmoja anaweza kuondoka. Yeye hangeweza kuondoka, kwa sababu siri yake ilikuwa inatembea na mimi.

Uamuzi: onyo la maandishi, miezi sita chini ya Madam Nyokabi, kila mwezi bila kukosa, na kozi ya maadili kwa gharama yangu. Waliniambia wazi kama nisingeandika ile line ya pembeni, tungekuwa tunaongea mambo ya leseni. Nduta akatafutiwa counsellor mwingine. Na ile salio nikailipa kupitia bodi, na risiti. Alitaka elfu nne kamili. Ni mara ya kwanza maishani nimelipa kitu bila kuuliza bei ya mwisho.

Kwa wale mko kwa hii kazi, counsellors, social workers, hata pastor mwenye ofisi: usinunue kwa client, usimuuzie, usimwombe connection ya plot. Supervisor mwone hata kukiwa shwari. Cover isome kabla ya kuomba discount. Na notes zikishaandikwa, ukiona kosa, sahihisha hadharani kwa tarehe ya leo.

Sasa nahitaji ushauri, na hii siibargain.

Mapazia bado yako. Kila client mpya anayasifu. Wanakaa, wanaona hakuna anayewaangalia, mabega yanashuka, wanaanza kuongea. Yanafanya kazi kabisa.

Nilitaka kuyatoa. Nduta, aliporudisha hii hadithi, aliandika chini: *Usiyatoe. Nilichagua kitambaa hicho nikijua dirisha.*

Kumbe siku ile, kabla sijataja tano, alikuwa ananitolea pazia la kile kiti chake. Na yeye peke yake ndiye hajawahi kukaa nyuma ya hilo pazia.

Niambieni ukweli. Wewe ungekuwa mimi, kila asubuhi ukifika hapo, ungeyafungua aje?