Kura za Vipande vya Shamba

Kazi yangu huku Uarabuni, kwenye maghorofa ya Jumeirah Lakes Towers, ni kumtunza bibi mmoja Myahudi, mama yake madam aliyeniajiri. Shule niliishia darasa la nne, lakini nimelea wajukuu saba, na kuuliza maswali sijawahi kuogopa. Bibi alizaliwa Yemeni, kwa hivyo tunaelewana kwa Kiarabu: chake cha kwao, changu cha jikoni.

Wakati huo sisi Wakenya sita tunaokutana mtaa wa Karama tulikuwa tumenunua shamba pamoja huko nyumbani, na chama chetu kilikuwa karibu kuvunjika kwa kugombania vipande. Kila mmoja alitaka upande wa mto. Hata mimi, sidanganyi.

Siku moja namkata bibi kucha, nikamuuliza kijiji walichohamia kutoka Yemeni kilianzaje.

"Kwa mahema na matope," akasema. "Tulihamia familia chache, hakuna aliyewahi kushika jembe. Baba yangu alikuwa sonara. Alipanda vitunguu mbegu moja moja, akipima nafasi kwa uzi kama anayetunga shanga. Jua likatua hajamaliza mstari mmoja."

Nilicheka mpaka mkasi ukaniponyoka. "Na ng'ombe je, alimvisha hereni?"

"Nyamaza wewe!" Lakini naye alikuwa anacheka.

Akanieleza kwamba kila familia ililima kipande chake kwa mikono yake, ila mazao yaliuzwa pamoja na trekta lilikuwa la wote.

"Na vipande aligawa nani?"

"Kofia. Nambari zilitiwa humo, kila mama akavuta. Mama yangu akavuta penye mawe. Alilia, akataka abadilishiwe, wakakataa. Wakibadilisha kimoja, kila mtu atataka. Lakini kila Ijumaa asubuhi walikuja wote kumwokotea mawe, mpaka yakaisha."

Siku yangu ya mapumziko nikapanda metro hadi Karama, nikawaambia wenzangu tupige kura. Mdogo wetu kwa umri, anayeniita Shosho kama bibi yake, akanirukia: "Shosho, acha ujanja! Si wewe ndiye unautaka mto?"

"Nautaka sana. Ndiyo maana nitavuta mwisho."

Tukatia nambari kwenye sufuria. Karatasi iliyonibakia ilikuwa ya kule juu, kwenye mwamba, mbali na maji. Wote wakanikodolea macho, wakingoja nigeuke. Nikaikunja, nikaisokomeza kwenye sidiria.

"Khalas, imekwisha. Sasa nani atakuja kwangu na mtaimbo?"

Kisha yule mdogo, ambaye mto ulimwangukia, akasema, "Mimi. Lakini chai utapika wewe."