Friji Isiyoingia Kichwa cha Kondoo

Friji ya kwanza Hendrina Diergaardt aliiua kwa shoka. Aliiburuta kutoka ndani ya kombi hadi katikati ya ua, akaitazama kidogo kama anavyomtazama kondoo kabla ya kumlaza, kisha akapiga. Pigo la kwanza lilipasua kifuniko. La pili lilikata bomba, gesi ikatoka kwa mluzi. Hakuacha mpaka pakabaki bati lililokunjamana na vipande vya sponji ya manjano juu ya mchanga. Kaka yake, Buks, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mtulinga wake ulikuwa umevunjwa siku mbili kabla, na dada huyohuyo, kwa mpini wa shoka hilohilo.

Mimi nilikuwa mpangaji wao hapa Rehoboth, kusini ya Windhoek, mwalimu wa shule ya msingi. Niliona yote dirishani, madaftari ya watoto yakiwa mikononi.

Katika familia ile mambo yalisemwa kwa mikono. Baba yao aliwachapa kwa hatamu za farasi, mama yao kwa chochote kilichokuwa karibu. Hendrina alijifunza mapema kurudisha. Akiwa na miaka kumi na mitatu alimng'oa Buks jino la mbele. Akiwa na thelathini alimfukuza mumewe kwa sufuria ya mafuta ya moto, na tangu hapo alisema analala vizuri. Sikuwahi kumwona akimpiga aliye dhaifu kuliko yeye. Nimejiuliza mara nyingi kama huo ni wema, au ni kwamba wadhaifu hawakumpa kazi ya kutosha.

Walikuwa wachinjaji. Kila Jumatatu yeye na Buks waliondoka na kombi kwenda mashamba ya Kalahari, upande wa Uhlenhorst na Stampriet, wakachinja kondoo wa watu na kulala humohumo garini mpaka Ijumaa. Ndani ya kombi mlikuwa na vitanda viwili, jiko, pipa la maji na friji. Desturi ni kwamba nyama ni ya mwenye shamba, lakini kichwa, miguu na matumbo ni vya mchinjaji. Jumamosi Buks aliviuza nyumbani kwa akina mama waliokuja na mabeseni. Kwa hiyo kwake friji ilikuwa nyumba ya vichwa. Kitu cha kwanza alichofanya akifika shambani ni kuzungusha kitufe mpaka mwisho, kwenye baridi ya kugandisha. Si yeye peke yake. Huku kwetu sijakutana na mwanamume anayeamini kwamba friji ya garini ni ya kupoza tu.

Kisha Hendrina akapata kisukari, akiwa na miaka hamsini na moja. Muuguzi alimpa insulini akamwambia mambo mawili: isipate joto, isigande. Akawa anaitia ndani ya soksi, anaiweka juu kabisa kwenye friji, na kumwambia Buks kitufe kikae kwenye digrii nne.

Mwezi wa kumi, huko karibu na Stampriet, joto lilipita arobaini na vichwa vilikuwa vingi. Buks alizungusha kitufe Jumatatu usiku, Hendrina akishajidunga, akakirudisha Jumanne asubuhi. Dawa iliganda ikayeyuka, ikabaki angavu kama maji, hakuna alama. Hendrina alijidunga ile iliyokufa kwa siku mbili. Alhamisi, akiwa amempanda kondoo dume mgongoni, kisu mkononi, alianguka. Kisu kikaingia pajani mwake. Buks alidhani kondoo amemtupa, akacheka. Alicheka mpaka alipoona kwamba damu haikuwa ya kondoo.

Hendrina alilala hospitali ya Mariental siku tatu. Daktari ndiye aliyemweleza kuhusu kuganda. Alirudi nyumbani na nyuzi kumi na moja pajani, akachukua mpini.

Mwezi uliofuata tulikwenda Windhoek sote watatu kutafuta friji nyingine. Bila friji hakuna kazi, kwa maana dukani kwenye mashamba hayo hakuna barafu. Na bila dawa baridi hakuna Hendrina. Buks aliingia dukani na mfuko wa plastiki, akautua juu ya kaunta, akatoa kichwa cha kondoo kilichokwisha kuunguzwa manyoya.

"Cha kupimia," alisema.

Muuzaji, mama mmoja aitwaye Ndahafa, hakupepesa jicho. "Wewe si wa kwanza, mzee. Wiki iliyopita mwingine alileta paja la swala choroa. Twende huku."

Alituonyesha kubwa, lita sitini, yenye vyumba viwili. "Huku nyama inaganda, huku dawa ya mama inapoa. Kila mtu na chumba chake, ugomvi hakuna."

"Unaona?" Buks alimwambia dada yake. "Sisi wenyewe hatukukua na vyumba viwili."

Hendrina aliinama. "Huu ukuta wa katikati unatoka?"

Ndahafa aliuvuta, ukatoka bila shida. "Unatoka, mama, ukihitaji nafasi zaidi."

"Na vitufe viko wapi?"

"Hapa nje."

"Viko nje," Hendrina alisema. "Mikono yake inafika."

"Drina, nimeshakuambia sitagusa."

"Ulishaniambia tangu nina miaka sita."

Akakichukua kile kichwa kwa sikio, akaanza kuzifungua friji moja moja kwenye mstari. Kwenye ya lita arobaini kichwa kiliingia. Kwenye ya thelathini kiliingia, na miguu minne ingetoshea. Mwisho wa rafu palikuwa na kasanduku ka kijivu ka lita kumi na tano. Aliingiza kichwa, pua ikabaki nje. Aligeuza, masikio yakabaki nje. Alisukuma kifuniko kwa kiganja na kisha kwa kiwiko. Hakikufunga.

"Hii," alimwambia Ndahafa.

Buks alicheka kidogo. "Hiyo ni ya maziwa ya mtoto mchanga."

"Basi mimi ni mtoto mchanga."

"Vichwa nitaviweka wapi, mfukoni?"

"Wape wafanyakazi wa mashamba. Wana njaa kuliko sisi."

"Vile ndivyo ninavyokula mimi, Drina."

"Na hii ndiyo ninayoishi mimi." Aligonga mkoba uliokuwa na sindano zake.

Buks alimpiga kwa mkono mzima, mdomoni, katikati ya majiko ya gesi. Mdomo ulipasuka. Hendrina alikuwa bado ameshika kichwa cha kondoo sikioni. Alikizungusha mara moja kikatua shavuni mwa Buks kwa mlio wa gunia bichi likitupwa kwenye saruji. Buks aliangukia viti vya kukunja. Hendrina akamfuata chini. Nilisikia kitambaa kikichanika, na pumzi zao, na hakuna hata neno moja, kwa sababu wote wawili walikuwa wamezoea kupigana kimya ili baba asiamke.

"Mkamalizie nje, tafadhali," Ndahafa alisema. "Hako kadogo ninakafungia."

Hendrina alilipa huku damu ikidondoka kidevuni.

Likizo ya Desemba aliniomba niende nao. "Si kuamua ugomvi, mwalimu. Uwepo tu." Alikuwa ameifunga ile friji kwa nati sakafuni kando ya kitanda chake. Jumatatu na Jumanne vichwa vilirundikana chini ya magunia yaliyoloweshwa. Jumatano vilianza kunuka. Buks alivirusha nje ya uzio, kimoja kimoja, kumi na viwili, na mbweha wakaja kuvigombania jua likiwa bado halijazama. Kisha akaupiga mlango wa kombi kwa ngumi mpaka bati likabonyea. Hendrina alikuwa ndani anachemsha kahawa. Hakutoka.

Alhamisi mchana Hendrina alikuwa bandani akichuna. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mlango wa kombi namenya viazi. Buks alinipita, akapiga magoti, akafungua friji, akatoa chupa za dawa na kuziweka juu ya kiti, palipokuwa na jua. Akaanza kushindilia maini.

"Mjomba Buks, hapana," nilisema.

"Saa moja tu, mwalimu. Mwenye shamba amesema ataleta barafu kutoka mjini."

Sikuzitoa chupa juani. Sikupiga kelele. Nilikwenda bandani kumwita, tena nikitembea, na kutembea huko bado kunanisumbua.

Hendrina alikuja na damu mpaka viwikoni. Buks alikuwa angali na mkono wa kulia ndani, anasukuma ini la nne. Hendrina alikalia kifuniko. Alikikalia kwa uzito wake wote, na nilisikia vidole viwili vikivunjika, kimoja baada ya kingine. Buks alimpiga kwa mkono wa kushoto, ule ambao mtulinga wake ulikuwa ndio kwanza umeunga, sikioni, shingoni, sikioni tena. Hendrina hakuinuka wala hakurudisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo.

"Toa maini," alisema.

"Nitayatoaje, umekalia mkono wangu."

"Maini kwanza. Mkono baadaye."

Buks alimpiga tena, halafu nguvu zikamwishia, akaegemeza paji la uso kwenye goti la dada yake akihema. Hendrina alijiinua kidogo tu. Buks alitoa maini kwa mkono wa kushoto, moja moja, akayatupa mchangani, na ndipo akautoa mkono. Hendrina alichukua zile chupa kutoka juani, akazibandika shavuni mojamoja kupima joto, akazirudisha ndani na kufunga.

Nilimfunga Buks vidole kwa kijiko cha mbao. Walikuwa wamebaki kondoo tisa. Hendrina aliwachinja wote, sikio likimvuja damu, na Buks akawashikilia miguu kwa mkono uliobaki. Wafanyakazi wa shamba walikuja na ndoo, wakachukua vichwa na matumbo. Buks aliwatazama wakiondoka, akatema mate, lakini hakuwaita.

Walipokwisha kunawa, Hendrina alikaa kwenye ngazi ya kombi, akapandisha gauni, akajidunga tumboni. Buks alikuwa kando yake, mkono ndani ya ndoo ya maji.

"Dawa ni baridi?" Buks aliuliza.

"Ni baridi."

Aliitikia kwa kichwa, akaniomba nimwashie sigara, maana mkono wake ulikuwa haushiki njiti.