Mazoezi ya Saa Nane

Hapa Bunia ukisema unaongoza orkestra, watu wanakuuliza mpiga gitaa wako ni nani na Jumamosi mtapiga baa gani. Nimechoka kueleza. Yangu ni ya vayolini kumi na moja, selo mbili na filimbi, na tunafanyia mazoezi kwenye darasa la shule huko mtaa wa Lumumba. Kazi hiyo niliisomea Kinshasa kwa mzee mmoja mkali ambaye, saa ya mazoezi ikifika, alifunga mlango kwa ufunguo na kuutia mfukoni. Siku moja nilichelewa dakika tatu. Nikasimama uani na vayolini yangu, nikiwasikia wenzangu wakipiga bila mimi. Nililia kwa aibu, na bado nikampenda yule mzee. Niliporudi nyumbani kufundisha na kuitwa Metre, yaani mwalimu, ufunguo ndio niliouiga kwanza. Namna ya kupunga mikono ilikuja baadaye.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mpiga vayolini wa kwanza. Nilimpokea hajui do wala re. Wiki ya tamasha alikwenda Komanda kumzika nyanya yake, na asubuhi ya mazoezi ya mwisho akanipigia simu.

"Metre, njia haiko muzuri. Magari yote inangoja basoda waisindikize. Labda nitafika kesho."

"Kesho ni tamasha," nikasema. "Repetisyo iko saa nane. Unajua vile siye tunafanyaka."

"Sawa, Metre."

Ningeweza kumwambia neno moja tu, ngoja. Sikulisema. Nilikuwa na hasira, maana bila yeye sehemu ya katikati ingetuvunjikia mbele ya wageni, na nikajiambia kwamba huko ndiko kufundisha.

Alikodi pikipiki, wakatangulia, yeye na dereva, wakaacha magari yakisubiri wanajeshi. Watu wenye silaha waliwaua wote wawili njiani. Mimi saa nane nilifunga mlango nikaanza, tena nikawaonyesha wengine kiti chake kitupu ili wajifunze. Habari ilitufikia tukiwa bado tunapiga.

Nilikwenda kwenye matanga nikiwa nimepanga maneno ya kumwambia baba yake. Hakuwa na habari ya ile simu. Aliponiona aliinuka, akanishika mikono yote miwili.

"Asante kuja, Papa Metre. Weye ulimupenda sana mutoto yangu." Kisha akauliza, "Magari ilikuwa inangoja. Watu wote walingoja. Yeye alikuwa anakimbilia nini?"

Nikamwambia sijui. Akanivuta, akaniketisha karibu naye, upande wa ndugu, akaagiza niletewe chai. Nikainywa.